Paka wa Jirani, Mavi Kwetu: Kilio cha Wakaaji wa Kisangani

Tumechoka kuzoa mavi ya paka wasio wetu. Sisi ni wakaaji wa Kisangani: tuko Mangobo na Kabondo, Tshopo na Makiso, komini ya Kisangani na Lubunga ng'ambo ya mto. Tunalisema neno hili kwa sauti moja kwa sababu kila aliyelisema peke yake aliambiwa anatafuta ugomvi na jirani. Mbuzi wa mtu akivunja muhogo wa mwenzake, avenyu nzima husimama. Nguruwe akifukua bustani, shefu wa kartie huitwa, na mwenye nguruwe hutafutwa mpaka apatikane. Lakini paka akichutama juu ya mchanga wa kujengea, juu ya tuta la lengalenga, au barazani pale mzee anapotandika mkeka wake wa kuswalia, jibu ni lile lile: "Huyo ni paka tu, utamfanya nini?"

Hatukubali jibu hilo. Anayeokota kinyesi asubuhi kabla watoto hawajatoka nje ni mama wa parseli iliyochafuliwa, na anayenunua sabuni ni yeye. Mwenye paka wakati huo amelala.

Tuanze na paka mwenyewe, maana hatutaki kumsingizia. Mji wetu uko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na mvua hapa haina msimu wa kutupumzisha kweli. Hata Desemba mpaka Februari, miezi tunayoiita ya jua, hupita manyunyu. Ardhi hukaa imelowa. Paka kwa maumbile yake hupenda kufukia kinyesi chake, kwa hiyo hutafuta udongo mkavu, laini, unaochimbika kwa makucha. Katika mji wa mvua kama huu, mahali pakavu na laini ni pale palipotengenezwa na mtu: mchanga uliofunikwa bashi ukingoja mwashi, majivu ya jikoni, vumbi la makala chini ya ukingo wa paa, tuta lililolimwa jana, pembe ya ghala. Paka hana nia mbaya. Anakwenda kule kuliko na kile anachohitaji, na kile anachohitaji hakiko kwa bwana wake. Sisi kosa tunaliona hapo.

Wengi wetu hatuna kuta za matofali. Parseli na parseli hutenganishwa na ua wa miti, mianzi, mabati makuukuu, au mstari tu ambao majirani wanaujua tangu enzi za baba zao. Mbuzi hufungwa kamba. Kuku hurudi bandani jua likizama. Paka hupita juu ya bati, huteremka kwenye mpapai, na hakuna ua utakaomzuia. Kwa hiyo anayetuambia "jengeni ukuta" anatuambia tuuze nyumba ili tumzuie paka wake.

Hasara yetu ni ya kila siku. Mchanga wa kujengea hapa hununuliwa kidogo kidogo, faranga zikipatikana, na huletwa kwa pusupusu. Familia inaweza kukusanya mchanga mwaka mzima kabla ya kuinua chumba kimoja. Mwashi akianza kuukoroga anakuta vinyesi vimefichwa ndani, anavishika kwa mkono, na siku hiyo kazi inaharibika. Watoto nao hupenda mchanga huo huo. Huwezi kumkataza mtoto wa miaka mitatu asicheze kwenye rundo la mchanga lililo mlangoni kwao. Huchimba, hujipaka, hulamba vidole.

Kuna mama zetu wanaoishi kwa mboga. Nyuma ya nyumba au kwenye mabonde yenye maji hupanda lengalenga, matembele na vitunguu vya majani, na fedha ya shule inatoka humo. Mbegu za lengalenga ni ndogo mno. Paka akichimba mara moja amefukua mstari mzima, na kile alichokiacha kinakaa kwenye majani yatakayofungwa mafungu na kupelekwa sokoni. Mama mwenye haya huyang'oa majani hayo na kuyatupa, akala hasara. Asiyekuwa na haya huyauza, na sisi sote tunayala. Kuna muhogo pia, uliolowekwa, ukamenywa na kuanikwa juu ya bashi ili uwe unga wa fufu. Paka dume hupita, huinua mkia na kurusha mkojo wake kuweka alama ya himaya. Harufu hiyo hata jua la saa saba haliiondoi. Unga huo hauna mlaji.

Lipo pia jambo la ndugu zetu Waislamu, ambao wamo katika mji huu tangu enzi za misafara iliyofika kwenye maporomoko ya mto wetu karne ya 19. Mbele ya dini yao paka si najisi. Akinywa kwenye chombo, maji yale hayaharibiki. Kinyesi chake, hata hivyo, ni najisi, na mahali pa kuswalia panapochafuliwa lazima pasafishwe kabla ya swala. Mzee anayeamka alfajiri gizani, umeme umekatika, anatandika mkeka barazani na kukanyaga kitu cha baridi. Analazimika kuchota maji, kuosha miguu, kuosha sakafu, na wakati unampita. Amwambie nani? Akimwambia jirani, jirani anacheka. Kicheko hicho ndicho kimeleta ugomvi katika nyumba zilizokuwa zikiombana moto na chumvi.

Kwa upande wa afya tunataka kuwa wakweli, tusitie chumvi. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vijiyai vya kimelea kiitwacho toksoplasma. Kimelea hicho kilitambuliwa mwaka 1908 huko Tunis na Charles Nicolle na Louis Manceaux, ndani ya mnyama mdogo wa jamii ya panya, na ilipofika takriban 1970 watafiti walikuwa wamethibitisha kwamba ni kwa jamii ya paka pekee kinakokomaa na kutoa vijiyai hivyo. Paka aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza, mara nyingi akiwa mdogo na anaanza kula panya, hutoa mamilioni ya vijiyai kwa wiki moja au mbili, kisha kwa kawaida huacha. Kinyesi kikiwa kibichi bado hakiambukizi. Vijiyai huhitaji siku moja hadi tano vikae nje ndipo vikomae. Baada ya hapo, katika udongo wenye unyevu na kivuli kama wetu, vinaweza kuishi miezi mingi, hata kupita mwaka.

Watu wengi wazima wakiambukizwa hawahisi kitu, au huumwa kama homa ndogo. Hatari kubwa ni kwa mwanamke anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, kwa sababu kimelea huweza kumfikia mtoto tumboni na kumdhuru macho na ubongo, au mimba kutoka. Ni hatari pia kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshuka. Nyama isiyoiva vizuri nayo huleta ugonjwa huo huo, kwa hiyo paka si mkosaji wa pekee. Wapo pia minyoo wa paka, ambao mayai yao hukaa mchangani na kuingia kwa mtoto kwa vidole, na wale ambao vibuu vyao hupenya ngozi ya mguu mtupu na kuacha mstari unaowasha. Katika mji ambamo mama mjamzito ndiye anayepalilia, ndiye anayefagia, ndiye anayechambua mboga, nani atatuambia kwamba hayo ni mambo ya paka tu?

Sasa tuje kwenye panya, maana mwenye paka atatukumbusha. Tunajua. Mkoa wetu ni wa mpunga; magunia hutoka Isangi na kwingineko, hulazwa ndani ya nyumba zetu kwa sababu hatuna maghala, na panya huja na magunia. Hula mpunga, hula mahindi, hutafuna madaftari ya watoto, hung'ata vidole vya waliolala. Paka wa jirani huwinda hata kwetu, na tumeshawahi kumshukuru. Hakuna hata mmoja kati yetu anayetaka mji usio na paka. Anayefikiri tunataka hivyo hajatusikiliza.

Kinachotuchoma ni hiki. Panya akikamatwa, paka ana mwenyewe. Mwenyewe husimama mbele ya wageni akamsifu, akataja jina lake, akaeleza alivyompata akiwa mdogo. Kitoto cha paka huyo kikihitajika, bei inatajwa. Siku ya mavi paka hana mwenyewe. "Mama, samahani, paka wako ametuchafulia tena mchanga." "Huyo? Si wangu. Anakuja tu hapa kula." Anakula kila jioni katika sahani ile ile, analala juu ya gunia la nyumba ile ile, watoto wa nyumba ile wanamwita naye anaitika, lakini si wao. Mtu mzima anasema hivyo mbele ya watoto wake mwenyewe.

Sisi tunasema hivi: anayemlisha ndiye mwenyewe. Na kanuni hiyo hatukuitunga wenyewe. Sheria ya madeni na mikataba ya nchi yetu, ile dikri ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo wanasheria wetu wanaiita kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, ina kifungu cha 261. Kinasema kwamba mwenye mnyama, au anayemtumia wakati anapomtumia, anawajibika kwa hasara aliyoleta mnyama huyo, awe alikuwa chini ya ulinzi wake au alikuwa amepotea au kutoroka. Hilo neno la kutoroka lisomwe mara mbili. Kisingizio cha "paka hafungwi kamba, anakwenda anakotaka" kilikwisha jibiwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Na anayemtumia maana yake hata wewe usiyemnunua, ukimweka kwa ajili ya panya wako, umo.

Najua, tunajua wote, kwamba hakuna atakayekwenda mbele ya hakimu wa mahakama ya amani kwa ajili ya tuta la lengalenga. Gharama za safari na karatasi zitapita thamani ya bustani. Wenzetu waliojaribu hata hapo chini zaidi, kwenye ofisi moja ambayo hatutaitaja, waliombwa kwanza fedha ya karatasi, kisha fedha ya kumtuma mtu aje aone, na waliporudi nyumbani mavi yalikuwa pale pale. Hata hivyo sheria inafaa kutajwa katika kikao cha avenyu, kwa sababu inaondoa ule usemi kwamba anayelalamika ni mtu wa wivu.

Kwa kuwa hatusikilizwi, wapo kati yetu waliochukua njia mbaya, na hapa tunawasema wenzetu wenyewe. Kuna anayetia sumu ya panya kwenye kichwa cha samaki na kukiacha ukutani. Sumu hiyo huuzwa sokoni katika vifuko visivyo na maandishi, hakuna ajuaye ni kitu gani wala kipimo chake. Paka hufa juu ya dari na kunuka kwa siku nyingi. Kuku hudonoa mabaki. Mbwa wa mtu wa tatu hufa. Na mtoto anayetambaa haulizi kilichomo ndani ya kichwa cha samaki. Sumu hiyo ikae mbali na parseli zetu. Kuna anayerusha mawe, kuna anayemfunga paka ndani ya gunia akamvusha mto na kumwacha Lubunga, kana kwamba watu wa Lubunga si wakaaji wa mji huu. Anayemuua paka wa mwenzake naye anakutwa na sheria ile ile: kifungu cha 258 kinamtaka kila aliyeleta hasara kwa kosa lake ailipe.

Na kuna lililo baya kupita yote. Paka mweusi akionekana usiku juu ya bati, wapo wanaoacha kusema habari ya kinyesi na kuanza kusema habari ya uchawi. Macho hugeukia nyumba ya bibi mjane anayekaa peke yake na paka wake. Bibi huyo hana mtu wa kumtetea. Tunaomba, tena kwa uchungu, neno hilo lisiingizwe. Sisi tunalalamikia mavi. Mavi huondolewa kwa koleo, na bibi aachwe akae kwa amani na paka wake, vijana wa avenyu wamsaidie kumtengenezea paka huyo mahali pa kujisaidia.

Wakati tunangoja wenye paka waamke, tumejifunza kujilinda, na yanayofaa tunayasema ili mwingine asipoteze fedha. Mchanga ufunikwe bashi kila jioni, pembe zote zikandamizwe kwa matofali. Bashi lililoachwa wazi upande mmoja ni kama nyumba uliyomjengea paka. Tuta jipya lilazwe makuti ya michikichi au matawi ya miiba, au fito za mianzi zikaribiane kiasi kwamba mche unapita lakini paka hapati nafasi ya kuchutama. Kumwagilia jioni badala ya asubuhi husaidia, maana hapendi udongo uliolowa. Mahali alipozoea paoshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu iishe, la sivyo atarudi kwa kufuata harufu yake mwenyewe. Matumbo na vichwa vya samaki visiachwe wazi nyuma ya jiko. Wengine wetu tunamwita paka kwa samaki na kumfukuza kwa fimbo.

Maganda ya ndimu na machicha ya kahawa, ambayo watu husifu, humchukiza paka kweli, lakini mvua moja ya Kisangani huyaondoa, na kesho unaanza upya. Pilipili ya unga huingia machoni mwa watoto kabla ya kuingia machoni mwa paka. Naftalini, zile tembe nyeupe za kuwekea nguo, zisitumiwe nje kabisa. Ni sumu, na mtoto huziona peremende.

Hesabu basi: bashi, miiba, maji, sabuni, saa ya kila jioni. Yote yanatoka kwetu. Mwenye paka hajatoa hata ufagio. Ndiyo maana tunasema ulinzi wa upande wetu hauwezi kuwa dawa. Dawa iko kwake, na haimgharimu karibu kitu. Kwenye mashine za kukoboa mpunga pumba hurundikwa nyuma. Kwa maseremala unga wa mbao hujaa chini ya meza. Achukue beseni lililotoboka au sanduku la mbao, alijaze pumba au unga wa mbao uliochanganywa na majivu, aliweke pembeni mwa parseli yake mwenyewe chini ya kipande cha bati mvua isilifikie. Atie ndani kinyesi kidogo cha paka huyo ili paka alitambue. Paka mdogo hujifunza upesi. Mkubwa huchukua muda, lakini akipata pakavu karibu hatavuka bati tatu kutafuta mchanga wetu.

Beseni lisafishwe kila siku, kwa sababu ile tuliyoisema, vijiyai havijakomaa siku ya kwanza. Kinyesi kitupwe chooni au kifukiwe mbali na bustani na chemchemi, maana wengi wetu tunachota maji ya chemchemi na mvua husomba kila kitu mpaka bondeni. Mwenye mimba asiifanye kazi hiyo. Baba wa nyumba anayo mikono. Na idadi ya paka iwe na kiasi. Jike hubeba mimba kama miezi miwili tu, huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na vitoto vyake vya kike vinaweza kuwa mama kabla ya kutimiza mwaka. Palipo na daktari wa mifugo, dume lihasiwe; mkojo wake hupungua ukali na kutangatanga kwake hupungua. Nyumba moja yenye paka mmoja inapata ulinzi wa panya. Nyumba yenye paka saba imetugawia sita bila kutuuliza.

Kwa mashefu wa kartie na wa avenyu, tunaomba jambo dogo. Watu wakikusanyika kwa salongo, ile kazi ya pamoja, litangazwe waziwazi kwamba anayelisha paka ndiye mwenyewe, na kwamba paka akichafua, mwenyewe anakuja kusafisha siku hiyo hiyo, na mchanga au mboga iliyoharibika anairudisha kwa aliyepoteza. Hatuombi faini. Faini bila risiti tunaijua inakokwenda, na haijawahi kuosha baraza la mtu. Tunaomba hasara irudishwe kwa mwenye hasara, mbele ya majirani wawili, basi.

Nawe jirani mwenye paka, hatukuchukii, na paka wako tunamtaka aishi. Jioni hii mwekee beseni lake chini ya bati lako, na kesho asubuhi pitia kwetu na koleo uchukue kilicho chake.